Ni nani aliyemlea msichana wa Thika?

ASIYEFUNZWA na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii ndiyo inayotumiwa na wazee wetu kila wanapomwona msichana akizungumza siasa hadharani. Husemwa matangani, harusini, nje ya kanisa baada ya ibada, na hata ndani ya matatu kati ya Githurai na Juja. Maana yake, kwa jinsi wanavyoitumia, ni kwamba wasichana wa leo hawakulelewa na wazazi wao. Walilelewa na redio, televisheni na simu ya mkononi, na huko ndiko walikookota siasa na ulimi mrefu.

Mimi ni mmoja wa hao wanaolaumiwa. Nilizaliwa Thika, mtaa wa Makongeni, nikakulia nusu huko na nusu Ruiru, na lawama hii nimeisikia tangu nilipovunja ungo. Leo naomba ruhusa ya wasomaji niijibu. Si kwa hasira, maana hasira haijibu kitu, bali kwa kurudi nyuma na kutazama ni nani hasa alitulea sisi wa njia hii, na siasa tuliitoa wapi.

Kwa wasioijua njia yenyewe, Thika iko kilomita zipatazo 45 kaskazini mashariki ya Nairobi, na Ruiru iko katikati. Zamani ukisafiri ungeona mashamba ya kahawa na mkonge, na ukishaipita Thika, mananasi mpaka macho yachoke. Thika ikawa mji wa viwanda vya nguo, ngozi, mikebe na magari. Ruiru ikabaki mji mdogo wa kahawa, hata aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima katikati ya miaka ya 1980 ikaitwa Ruiru 11, kwa kuwa ilizalishwa na watafiti katika kituo cha hapo. Leo mambo yamegeuka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru ina watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na 251,407. Mahali pengi mibuni imeng'olewa na ghorofa zimeota, na ndani ya ghorofa hizo wamejaa vijana wanaolaumiwa kwamba hawakulelewa.

Mtoto wa kitabuni

Ukimwuliza mgeni kutoka Uingereza ni msichana gani wa Thika anayemjua, huenda akakutajia mmoja tu: Elspeth Huxley. Huyu alizaliwa London mwaka 1907, akaletwa huku akiwa mtoto mdogo wazazi wake walipokuja kulima kahawa karibu na Thika, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1959 alitoa kitabu cha kumbukumbu za utoto wake, The Flame Trees of Thika. Mwaka 1981 kitabu hicho kikageuzwa mchezo wa televisheni ya Uingereza, Hayley Mills akiigiza kama mama wa mtoto huyo. Kwa mchezo huo jina la Thika liliingia katika nyumba za watu ambao hata Kenya yenyewe wasingeweza kuionyesha kwenye ramani.

Kitabu hicho nimekisoma, na sina ugomvi nacho. Kimeandikwa kwa jicho kali na moyo mwepesi. Mtoto yule anawaona wadudu, wanyama, na ugomvi wa wakubwa ambao wao wanadhani haoni. Wakikuyu nao wamo, lakini wanaonekana kutoka barazani kwa mzungu. Kila nilipofunua ukurasa nilikuwa nikimtafuta msichana wa rika la Elspeth, aliye upande wa pili wa ua, aseme kwa kinywa chake mwenyewe alivyoiona kahawa ile ile. Hasemi. Malezi ya msichana mmoja wa Thika yalipata kitabu na filamu. Malezi ya wengine hayakupata hata ukurasa.

Je, wasichana hao wengine walikuwa bubu? La hasha. Wao walikuwa na nyimbo.

Mkuu wa wasichana

Kahawa haijichumi. Inapoiva huiva kwa pamoja, na mikono huhitajika upesi. Baada ya vita vile vya kwanza walowezi walililia vibarua, na serikali ya kikoloni ikawaagiza machifu wawatafute. Machifu na askari wao waliwatoa wanawake na wasichana majumbani kwa nguvu, wakawapeleka mashambani. Yaliyowapata baadhi yao huko, mbali na wazazi wao, yalisemwa kwa kunong'ona.

Aliyeyasema kwa sauti alikuwa Harry Thuku, mzaliwa wa Kiambu, aliyesomea misheni ya Kambui, si mbali na Ruiru. Mwaka 1921 aliongoza chama kilichopinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kazi hiyo ya kulazimishwa ya wanawake. Kwa jambo hilo la mwisho wanawake walimpa cheo chao wenyewe. Walimwita "munene wa nyacing'a", yaani mkuu wa wasichana.

Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai aachiliwe. Wazee waliotumwa kuzungumza na serikali walirudi na kuwaambia watu waende nyumbani. Hapo ndipo alipojitokeza mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru. Aliwakemea wanaume, akawaambia wavae nguo yake na wampe yeye suruali zao, kisha akainua nguo yake. Kwa mila ya Kikuyu, mwanamke mzima akifanya hivyo hakuna tusi linalozidi hilo. Umati ukasogea, bunduki zikalia. Serikali ilikubali kwamba watu 21 walikufa. Wengine walisema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku akahamishiwa Kismayu, akakaa uhamishoni zaidi ya miaka minane.

Nyanjiru hakuandikiwa kitabu wakati ule. Wanawake walimtungia wimbo ulioitwa Kanyegenuri, wakauimba mashambani na kwenye mito. Nyanya yangu mzaa mama, ambaye kwetu tunamwita Cũcũ, alichuma kahawa akiwa msichana katika shamba moja la Ruiru, akilipwa kwa debe. Kisa cha wasichana wa Thuku alikipata kwa mamaye, huku vidole vikiwa katika buni. Hakukipata shuleni, wala redioni, wala kwa mwanasiasa yeyote.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba nyimbo zetu zimekuwa rafiki wa msichana siku zote. Mwaka 1929, miaka saba tu baada ya Nyanjiru kuanguka, ulizuka Muthirigu. Ilikuwa ngoma na wimbo wa ukaidi, ulioenea Kiambu, Murang'a na Nyeri kama moto wa kiangazi. Wamishonari walikuwa wamewataka waumini waiache tohara ya wasichana, na wengi waliona kwamba anayewaingilia mila leo atawanyang'anya na ardhi kesho. Muthirigu iliwadhihaki wamishonari, machifu na serikali, mpaka ikapigwa marufuku mwaka 1930.

Ilikuwa siasa, tena siasa ya ushujaa. Lakini mbali na wakubwa hao, iliwatukana pia wasichana ambao hawakutahiriwa. Miili ya watoto wa kike ikawa uwanja wa vita kati ya wanaume wa misheni na wanaume wa mila, na wenye miili hawakuulizwa. Mwaka 1922 mwanamke alisema, na wimbo ukamfuata. Mwaka 1929 wimbo ulimsema, naye akatakiwa anyamaze. Ilipita miaka mingi kabla ya Bunge kutunga sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji nchi nzima. Tangu nilipozielewa ngoma hizo mbili, kila ninaposikia wimbo hujiuliza swali moja: msichana aliyemo humu anaimba, au anaimbwa?

Santuri na ungwana

Turudi nyumbani kwetu. Mama alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja mjini Thika, na malezi yake yalikuwa ya kanuni. Msichana hapigi mluzi. Msichana haketi mlangoni. Wakubwa wakizungumza, msichana huleta chai na kuondoka. Na kanuni iliyozidi zote: siasa haizungumzwi katika nyumba hii.

Redio ilikuwa mlezi wake msaidizi. Kipindi alichokipenda ni "Je, Huu ni Ungwana?" cha marehemu Leonard Mambo Mbotela, kilichoanza mwaka 1966, sisi sote hatujazaliwa. Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliuliza maswali ya adabu kwa sauti iliyojaa kicheko: je, ni ungwana kufanya hivi, ni ungwana kufanya vile? Nasi tulijibu kutoka jikoni. Lakini sauti hiyo hiyo ndiyo iliyolazimishwa na wanajeshi, Agosti 1, 1982, kuitangazia nchi kwamba serikali imepinduliwa. Mapinduzi yale yalishindwa siku hiyo hiyo. Mbotela alifariki Februari 2025, na wengi walimlilia kama mwalimu wa adabu. Mimi nilifikiri pia kwamba hata mtu wa kutufundisha adabu siasa ilimfuata mpaka mlangoni kwake. Haikungoja izungumzwe.

Mbali na redio zilikuwapo santuri za Kikuyu, ambazo nyingi zilitoka River Road, Nairobi. Mfalme wake alikuwa Joseph Kamaru wa Murang'a, aliyefariki Oktoba 2018. Katika miaka ya 1960 Kamaru alitoa "Ndari ya Mwarimu", wimbo juu ya mwalimu anayemtaka kimapenzi mwanafunzi wake. Walimu walikasirika, chama chao kikatishia mgomo, na habari zikafika hadi kwa Rais Kenyatta. Hebu fikiria jambo hilo! Kilichotikisa nchi ni kwamba jambo limeimbwa, ilhali kila mama aliyekuwa na binti shuleni alikuwa akilijua. Kamaru huyo huyo, aliposhikwa na uchungu wa kuuawa kwa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Machi 1975, alitoa wimbo wa maombolezo ambao wakubwa hawakuupenda hata kidogo.

Lakini waimbaji hao, kwa ushujaa wao wote, walikuwa wanaume, na wasichana wa nyimbo zao waliimbwa: mrembo, msaliti, mwathiriwa, mwenye tamaa ya pesa. Ndiyo sababu Queen Jane alipendwa na mama yangu na wenzake wa kiwandani kama dada yao. Jina lake lilikuwa Jane Nyambura, naye alikuwa mmoja wa wanawake wachache mno walioongoza bendi yao wenyewe katika benga ya Kikuyu. Aliimba ndoa, mapenzi na kuachwa, kutoka upande wa anayeachwa. Alipofariki Juni 2010, mama aliporudi kutoka zamu ya usiku hakulala. Alikaa jikoni akasikiliza redio mpaka saa nne. Hakusema kwamba hiyo ni siasa, wala mimi wakati huo sikujua kwamba ni siasa.

Kaseti ndani ya matatu

Shule yetu ya pili ilikuwa matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo Barabara ya Thika ikawa ukumbi wa muziki unaokwenda kwa magurudumu. Zilikuja sheria za waziri John Michuki mwaka 2004, za mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na michoro ikafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairuhusu michoro irudi. Barabara yenyewe ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi na Rais Kibaki Novemba 2012. Muziki haukuondoka hata siku moja.

Serikali iliujua uzito wa muziki huo mapema kuliko wazazi wetu. Mei 1990 mtaa wa Muoroto, Nairobi, ulibomolewa na wakazi wake wakafukuzwa. Punde zikatoka kaseti za Kikuyu zilizoimba juu ya ubomoaji huo na juu ya kilio cha wakati ule cha vyama vingi. Madereva wakazipiga ndani ya matatu. Polisi wakaanza kuwakamata waliouza na waliopiga kaseti zilizodaiwa kuwa za uchochezi. Julai 7 ikaja Saba Saba, na fujo zikaenea kutoka Kamukunji hadi miji ya Mkoa wa Kati. Katika siku hizo abiria aliweza kupanda gari Ruiru akiwa raia mwema, na kushuka Thika akiwa mshukiwa, kwa sababu ya wimbo ambao hakuuchagua.

Baadaye nyimbo ziliwekwa huru, na uhuru huo ulikuwa na sura mbili. Mwaka 2002 "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, vijana wa Kijaluo, ilipigwa kampeni nzima ya muungano wa NARC, na abiria wa Kikuyu waliitikia neno ambalo hawakujua hata kulitamka. Miaka mitano tu ikapita. Uchaguzi wa Desemba 2007 ukazaa umwagaji wa damu, na baadhi ya redio za lugha za kienyeji zikalaumiwa kwa kumwaga mafuta motoni. Mwaka 2012 wanamuziki watatu wa Kikuyu walifikishwa mahakamani kwa madai ya kueneza chuki kwa nyimbo. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka nyimbo za wakati huo, jinsi zilivyokuwa tamu, na jinsi mwenzangu mmoja darasani, ambaye jina lake halikuwa la Kikuyu, alivyokuwa akiinamisha kichwa ndani ya gari zilipoanza. Hakutukanwa na mtu. Wimbo ulitosha.

Ninayasema haya ili nisidhaniwe kuwa ninaabudu muziki. Thika inajua kumpenda mwanamuziki. Agosti 2019, John De'Mathew wa Gatanga alipofariki katika ajali ya gari barabarani hapa Thika, mji mzima uliinama. Lakini mlezi akipendwa sana huku hakaguliwi, hulea mema na mabaya pamoja.

Ngoma ya Juni

Sasa nafika kwa jambo lililozidisha lawama. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, Nairobi, Thika na kwingineko. Wazee walishangaa kuona wasichana wengi kiasi kile mbele. Mimi sikushangaa. Miongoni mwa mapendekezo yaliyoleta zogo ulikuwamo ushuru wa mazingira, ambao ulihofiwa ungepandisha bei ya sodo na nepi. Kenya iliiondolea sodo kodi ya mauzo mwaka 2004, na sheria ya 2017 iliitaka serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Msichana aliyewahi kukosa siku tatu za darasa kwa ajili ya shilingi chache hahitaji kufundishwa siasa na simu. Bajeti ya nchi anaijua kutoka katika mwili wake.

Wimbo uliotawala maandamano hayo ulikuwa "Anguka Nayo" wa kundi la Wadagliz. Ulitungwa kwa ajili ya dansi, bila neno la siasa ndani yake, na vijana wakaugeuza kuwa wimbo wa mapambano. Wazee wakasema: tazameni, wanacheza dansi mbele ya mabomu ya machozi! Walisahau kwamba Muthirigu nayo ilikuwa ngoma.

Juni 25 wabunge walipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, na risasi zikalia. Usiku huo milio ya bunduki ilisikika Githurai, kwenye mlango wa kuingilia Ruiru. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kwamba hautii sahihi mswada. Kufikia Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa.

Usiku ule mdogo wangu alikuwa njiani akitoka Nairobi. Matatu ilikataa kuvuka Githurai, akatembea kwa miguu pamoja na watu asiowajua, akafika Ruiru saa sita na robo viatu vikiwa mkononi. Mama alimfungulia mlango bila neno. Tulitazamia kesho yake atarudia kanuni yake, kwamba siasa haizungumzwi katika nyumba hii. Badala yake, baada ya chai, alimwuliza: "Huo wimbo wenu, unasema nini?"

Mdogo wangu akamwambia kwamba hausemi kitu, mama, ni wa kucheza tu.

"Wetu ulikuwa unasema," mama akajibu.

Ndipo akatusimulia, kwa mara ya kwanza, kwamba mwaka 1990 alikuwa msichana wa miaka 19 anayeishi Thika kwa dada yake, na alikuwa na kaseti moja kati ya zile zilizokuwa zikitafutwa. Aliinunua kwa pesa za mshahara wake wa kwanza. Alikuwa akiisikiliza na wasichana wenzake, mlango umefungwa, sauti ikiwa chini. Uvumi ulipokuja kwamba polisi wanapekua nyumba, aliitia katika jiko la makaa. "Ilinuka siku mbili," akasema. "Tangu siku hiyo nikaapa wanangu hawataijua siasa." Alikuwa ameifunga siasa nje kwa sababu alikuwa ameionja, akaogopa kwa ajili yetu. Miaka yote hiyo tuliyodhani hajali!

Cũcũ, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, akamtazama binti yake na kusema kwamba hata yeye kisa cha Thuku aliambiwa asikirudie mbele ya mnyapara.

Jibu kwa wazee

Kwa hivyo nadhani swali letu limepata jibu. Siasa tuliitoa nyumbani. Tuliitoa kwa mama aliyekesha akimsikiliza Queen Jane, kwa nyanya aliyechuma kahawa kwa debe, na kwa mama yake nyanya aliyezisikia Kanyegenuri na Muthirigu zote mbili. Simu imeipa siasa hiyo mbio zaidi, lakini haikuizaa. Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi mama na ulimwengu walitufunza somo lile lile. Tofauti ni kwamba ulimwengu ulisema kwa sauti, na mama alinong'ona.

Jambo linalonitia hofu ni hilo la kunong'ona. Kutoka 1922 hadi 1990, na kutoka 1990 hadi 2024, kila kizazi cha wasichana wa njia hii kimeanza upya, kikidhani ndicho cha kwanza, kwa sababu kilichotangulia kiliambiwa kinyamaze au kilijinyamazisha chenyewe. Msichana asiyejua kwamba nyanya yake alikuwa na maneno huyapokea maneno ya wimbo wowote unaopigwa, hata ule unaomtukana yeye, au jirani yake aliyeinamisha kichwa ndani ya gari. Lau tungalisimuliwa, huenda tungalijua mapema ni wimbo upi wa kuitikia na upi wa kuukataa.

Basi wazazi wa Thika, wa Ruiru na wa kwingineko, msituzimie redio wala kutupokonya simu mkidhani mmetufunga masikio. Ketini mkasikilize pamoja nasi. Tuulizeni, kama mama alivyouliza, wimbo huu unasema nini, kisha mtuambie wenu ulikuwa unasema nini. Nasi wasichana tuwe na adabu ya kuuliza kabla ya kudhani kwamba wakubwa wetu hawakuwahi kuwa na ujana. Kwetu mazungumzo hayo yamekwisha anza. Mama bado hataki tupige mluzi ndani ya nyumba, na katika hilo amekataa mjadala. Lakini jina la wimbo ule alioutia jikoni ametuambia, na sasa tunautafuta.